Namna ya Kusoma Gombo la Picha la Kijapani: Mwongozo Kamili kwa Kutumia Magombo ya Hadithi ya Genji

Mtu anayekutana kwa mara ya kwanza na picha za magombo ya Genji, yaani karatasi ndefu za kuviringishwa zenye hadithi na picha, huzipita upesi, kwa sababu nyuso zote zinafanana, hakuna anayelia wala anayecheka, na nyumba zote zimechorwa bila mapaa. Upesi huo ndio unaomnyima kila kitu. Wachoraji wa kasri ya Japani ya karne ya 12 hawakuweka hisia za watu usoni. Waliziweka kwenye nyumba, yaani kwenye mshazari wa boriti, kwenye upana wa baraza, mahali pazia linapoishia, na namna pindo la vazi linavyotandazwa sakafuni. Kwa hiyo mwongozo huu unashika kanuni moja kutoka mwanzo hadi mwisho, nayo ni kuisoma nyumba kwanza na kuuacha uso mwishoni. Atakayefuata hatua hizi kwa subira, akiwa na simu au kompyuta, rula na vipande viwili vya kadibodi, ataweza kukaa na picha moja kwa saa nzima bila kuchoka.

Hatua ya kwanza: Jua ni kitu gani kilicho mbele yako

Hadithi ya Genji iliandikwa mwanzoni mwa karne ya 11 na Murasaki Shikibu, mwanamke aliyekuwa katika utumishi wa Malkia Shōshi mjini Heian, mji unaojulikana leo kwa jina la Kyoto. Ina sura 54 na mashairi mafupi karibu 800 ambayo wahusika hupelekeana kwa barua au kujibizana ana kwa ana. Yapata karne moja baadaye, katika nusu ya kwanza ya karne ya 12, watu wa kasri walitengenezewa seti ya magombo ambamo kipande cha maandishi hufuatwa na picha, kisha maandishi mengine na picha nyingine, hadi mwisho wa gombo. Magombo ya aina hii Wajapani huyaita emaki.

Ya seti hiyo yamebaki machache. Zipo picha 19 kamili, pamoja na kipande kilichopakwa rangi upya kutoka sura ya Wakamurasaki ambacho kinahifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo. Picha 15 ziko katika Makumbusho ya Sanaa ya Tokugawa mjini Nagoya, na 4 ziko katika Makumbusho ya Gotoh mjini Tokyo. Zote zimetangazwa kuwa Hazina za Taifa. Kwa muda mrefu ilisemekana kwamba mchoraji alikuwa Fujiwara no Takayoshi, lakini wataalamu wa leo wanakubaliana kwamba kazi hiyo ilifanywa na makundi kadhaa ya wachoraji na waandishi, kwa maana mitindo ya picha na miandiko inatofautiana waziwazi kutoka kundi moja la sura hadi jingine. Jambo hili lina faida kwa msomaji, kwani ukiona picha mbili ambazo ustadi wake haulingani hutahitaji kutafuta sababu ya kina katika hadithi.

Jambo jingine la kujua mapema ni kwamba mwaka 1932 magombo yaliyoko Nagoya yalitenganishwa, kila kipande cha maandishi na kila picha vikabandikwa bapa ili visiendelee kuumia kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Ndiyo maana picha nyingi utakazozikuta vitabuni na kwenye intaneti zinaonekana kama picha za kujitegemea zilizotiwa fremu, wakati zilitengenezwa ziwe sehemu za ukanda mmoja mrefu. Katika miaka ya karibuni makumbusho hayo yamezirudisha picha zake katika umbo la gombo.

Hatua ya pili: Soma sura ya hadithi kabla ya kutazama picha

Hatua hii hairukwi. Waliotengenezewa magombo haya walikuwa wakiijua hadithi kwa moyo, na mchoraji hakujisumbua kuwaeleza nani ni nani. Asiyejua kwamba mtoto aliyepakatwa si wa yule anayempakata hawezi kuiona picha ya tatu ya sura iitwayo Kashiwagi hata akiitazama mwaka mzima.

Kwa wanaosoma Kiingereza zipo tafsiri kadhaa kamili, zikiwamo ya Edward Seidensticker ya mwaka 1976, ya Royall Tyler ya mwaka 2001 na ya Dennis Washburn ya mwaka 2015. Tafsiri ya Arthur Waley, iliyotoka kwa sehemu kati ya 1925 na 1933, inasomeka kwa raha, lakini Waley aliiacha sura ya 38, Suzumushi, na sura hiyo ina picha mbili katika magombo yetu. Anayeitegemea tafsiri hiyo peke yake atazikuta picha hizo hazina hadithi. Wenye Kifaransa wanayo tafsiri ya René Sieffert.

Huna haja ya kumaliza sura zote 54 kwanza. Anza na sura ya 36 hadi ya 40, yaani Kashiwagi, Yokobue, Suzumushi, Yūgiri na Minori, ambazo kwa pamoja zina picha 8 kati ya zile 19, na ambazo ndani yake mambo ya ujana wa Genji yanamrudia uzeeni. Kabla ya kuanza, shika mambo haya machache. Genji ni mtoto wa mfalme aliyewekwa nje ya mstari wa urithi. Ujanani alizaa kwa siri na Fujitsubo, mke wa baba yake, na mtoto huyo akaja kuwa mfalme aitwaye Reizei. Alipokuwa mtu mzima, Genji aliozwa binti mdogo wa mfalme aliyejiuzulu, ajulikanaye kama Binti wa Tatu. Kijana mmoja wa ukoo mkubwa, Kashiwagi, akamwingilia binti huyo, na mtoto aliyezaliwa, Kaoru, akahesabiwa na watu wote kuwa wa Genji. Genji anaujua ukweli na hawezi kuusema. Mwanamke aliyempenda kuliko wote, Murasaki, anafariki katika sura ya 40.

Hatua ya tatu: Tafuta picha sahihi na uiweke katika ukubwa wake

Kwenye intaneti zimejaa picha zinazoitwa za Genji ambazo ni za karne ya 16, ya 17 au hata ya juzi, kwa sababu hadithi hii imechorwa bila kukoma. Angalia jina la makumbusho: ukiacha kile kipande cha Wakamurasaki, ikiwa haikutajwa Tokugawa au Gotoh, unachokitazama si magombo haya ya karne ya 12. Tahadhari pia na nakala mpya. Karibu na mwanzo wa karne hii wachoraji wa Japani walizinakili upya picha zote 19 kwa rangi zinazoaminika kuwa ndizo za awali, na nakala hizo, kwa jinsi zinavyong’aa, mara nyingi husambazwa kama picha zenyewe. Ni nzuri sana kwa kulinganisha, na tutazirudia kwenye hatua ya rangi, ila usianze nazo.

Ukishapata picha, chukua rula. Kimo cha gombo ni takriban sentimita 22, na upana wa picha huwa ama karibu sentimita 48 ama karibu 39. Kuza au punguza picha kwenye skrini mpaka kimo chake kifike sentimita 22 halisi, na ikiwa skrini yako ni ndogo itazame kwa vipande badala ya kuipunguza. Ukubwa huu ni sehemu ya maana yake. Gombo lilitandikwa sakafuni au kwenye meza fupi, likatazamwa na mtu mmoja au wawili walioinamia kwa karibu, na hivyo kichwa cha mtu kwenye picha hakizidi ukubwa wa ncha ya kidole. Anayeipanua picha hadi ijaze ukuta anaona brashi ilivyopita, lakini anapoteza ule ukaribu.

Sasa weka kadibodi mbili juu ya picha, moja kulia na nyingine kushoto, kisha uifunue kutoka kulia kuelekea kushoto. Hivyo ndivyo gombo linavyosomwa: mkono wa kushoto unafungua sehemu mpya, mkono wa kulia unaviringisha iliyokwisha kusomwa, na kinachoonekana kwa wakati mmoja hakizidi upana wa mabega. Waliozoea Msahafu, au tenzi za pwani zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, watauona mwelekeo huu ni wa kawaida. Wengine wajilazimishe, kwa sababu macho yaliyozoea kuanzia kushoto huanza na mwisho wa tukio.

Faida yake inaonekana wazi katika picha ya Yomogiu, sura ya 15. Genji anapita karibu na nyumba ya mwanamke ambaye yeye alikuwa amemsahau kwa miaka, na nyumba hiyo imeanza kuanguka. Ukifungua kutoka kulia, unakutana kwanza na baraza lililovunjika na mtumishi mzee anayechungulia; halafu yanakuja majani yaliyoota ovyo, nafasi tupu kiasi; na mwisho kabisa, kushoto, anatokea Genji chini ya mwavuli, akitanguliwa na mtumishi wake Koremitsu anayepukuta umande kwenye majani kwa fimbo ya farasi. Kwa namna hiyo unamsubiri mgeni ukiwa upande wa nyumba, kama alivyosubiri mwenye nyumba. Ukianzia kushoto, unakuwa msafara wa Genji tu.

Hatua ya nne: Tazama maandishi hata kama huyasomi

Wasomaji wengi huyaruka maandishi kwa sababu hawajui Kijapani, na mimi naona hilo ni kosa kubwa kuliko kuruka picha yoyote moja. Karatasi za maandishi zilitiwa rangi na kunyunyiziwa dhahabu na fedha zilizofuliwa nyembamba: nyingine zimekatwa vipande vya mraba, nyingine zimekatwa vijiti vyembamba, nyingine zimesagwa zikawa vumbi. Tazama jinsi mapambo hayo yalivyokusanyika sehemu moja na kuachia nyingine, kisha tazama mwandiko wenyewe, ambao unatiririka kutoka juu kwenda chini bila kuinua brashi kwa herufi kadhaa mfululizo. Pale wino unapokoza ndipo mwandishi alipochovya. Fuata unavyofifia hadi alipochovya tena, nawe utapata pumzi ya sentensi bila kujua neno hata moja.

Zoezi bora ni maandishi ya Minori, sura ambamo Murasaki anakufa. Mwanzoni mistari imepangwa kwa nafasi ya kutosha. Kadiri mauti yanavyokaribia, mistari inasogeleana, inapinda, na hatimaye inapandana, mstari mmoja ukiandikwa juu ya mwingine, mpaka hata msomaji wa Kijapani anatatizika kuitenganisha. Hili lilikuwa pambo lililojulikana na kuthaminiwa, wala mwandishi hakuishiwa karatasi. Baada ya mkanganyiko huo ndipo gombo linapofunguka na kuonyesha picha.

Hatua ya tano: Ingia kupitia paa

Picha nyingi za ndani ya nyumba katika magombo haya zimechorwa kwa mtazamo wa juu, paa na dari vikiwa vimeondolewa ili mtazamaji aone vyumbani. Wajapani wana jina la mbinu hii, fukinuki yatai. Kabla ya kutazama watu, ichore nyumba kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi yako: nguzo ziko wapi, boriti inapita wapi, sakafu ya ndani inaishia wapi na baraza linaanzia wapi, bustani imepewa nafasi kiasi gani. Mchoro wako ukiwa mbaya hakuna ubaya. Makusudi ni kuulazimisha mkono kufuata mistari.

Utagundua upesi kwamba nyumba hizi hazijengeki. Mistari sambamba haikutani mbali kama katika michoro ya wasanifu majengo, vyumba vinapanuka na kubanwa kulingana na haja, na nguzo huondolewa pale inapomziba mtu muhimu. Mchoraji alikuwa akiipanga nyumba kwa ajili ya tukio.

Hatua ya sita: Pima mshazari

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote. Weka rula juu ya boriti kuu au ukingo wa baraza, na uangalie mstari huo umeinuka kiasi gani ukilinganisha na ukingo wa chini wa karatasi. Fanya hivyo kwa picha tatu au nne na uandike matokeo. Kwa jumla, picha ambazo mambo yake ni tulivu huwa na mistari iliyolala au yenye mwinuko wa wastani, na picha zenye dhiki hupandisha mshazari mpaka sakafu inaonekana kana kwamba watu watateleza.

Chukua picha ya tatu ya Kashiwagi. Ni sherehe ya siku ya 50 tangu Kaoru azaliwe, na Genji anatakiwa mbele ya watu kumpakata mtoto ambaye anajua si wake. Vyombo vya karamu vimepangwa. Wanawake waliomo wanaonekana kwa mavazi yao zaidi kuliko kwa nyuso. Genji amesukumwa kwenye kona ya juu kushoto, boriti ikimkandamiza, kofia yake ikiukaribia ukingo wa juu wa karatasi, na kichwa kimemwinamia mtoto. Ziba boriti kwa kidole: unabaki na baba anayemtazama mwanawe. Ondoa kidole: hana pa kuinua kichwa. Nafasi kubwa ya picha imeachwa kwa sakafu, mapazia na vitambaa, na mtu mwenye cheo kuliko wote nyumbani humo amepewa pembe.

Kuna la ziada. Uchunguzi wa picha hii umeonyesha kwamba katika mchoro wa kwanza, ule ulio chini ya rangi, mtoto alikuwa ameinua mikono kumwelekea Genji. Baadaye mikono hiyo ilifunikwa. Sijui uamuzi mwingine wa mchoraji, katika sanaa ya nchi yoyote, unaosema mengi kwa kufuta kidogo namna hii. Mtoto anayenyoosha mikono anadai kitu. Aliyefungwa katika nguo zake, kimya, anamwacha Genji peke yake na hesabu zake, kwa sababu yeye naye aliwahi kumpa baba yake mtoto asiye wake.

Ukimaliza hapo, nenda kwenye Minori. Upande wa kulia, ndani, Murasaki ameegemea kiegemeo cha mkono, na pamoja naye wamo binti yake wa kulea, ambaye sasa ni malkia, na Genji. Upande wa kushoto wote ni bustani ya vuli, majani yakiwa yamelazwa na upepo, na baraza linalotenganisha pande hizo mbili linashuka kwa mshazari mkali. Katika sura yenyewe watatu hao wanapeana mashairi juu ya umande usiokaa kwenye majani, kisha Murasaki anafariki alfajiri. Hakuna mtu anayelia kwenye picha. Linganisha kipimo cha mshazari huu na kile cha Kashiwagi, halafu ulinganishe na picha za Takekawa, sura ya 44, ambamo mabinti wawili wanashindania mti wa mcherry kwa mchezo wa ubao uitwao go, na rula yako itakuonyesha tofauti kabla ya macho.

Hatua ya saba: Hesabu vizuizi

Nyumba ya kasri ya Heian haikuwa na kuta nyingi za ndani. Iligawanywa kwa chiki za mianzi zilizoning’inizwa, kwa mapazia ya kitambaa yaliyotundikwa kwenye viunzi vya kusimama, na kwa milango ya kusukuma iliyopambwa kwa picha. Mwanamke wa daraja hakuonwa na mwanamume ovyo, hata ndugu, kwa hiyo kila kizuizi kwenye picha ni habari ya nani anaruhusiwa kumfikia nani. Chagua wahusika wawili na uhesabu vitu vilivyo kati yao. Kisha angalia kama kuna pazia lililoinuliwa, lililopeperushwa au kusogezwa, maana hapo ndipo tukio linapopita.

Picha ya Yūgiri inafaa kwa zoezi hili, na ni ya kuchekesha kidogo katikati ya huzuni nyingi. Yūgiri, mtoto halali wa Genji, anasoma barua iliyotoka nyumba ya mwanamke mwingine. Mkewe, Kumoi no Kari, akiwa amevaa vazi jepesi la nyumbani, anamnyatia kwa nyuma na kunyoosha mkono aipokonye. Kati ya mume na mke hakuna pazia lolote, wamebanana katika nafasi ndogo. Kizuizi ni mlango, ambao nyuma yake watumishi wawili wametega sikio. Ukihesabu vizuizi utaona kwamba waliofichwa si wagomvi bali wasikilizaji.

Mavazi nayo yahesabu kama vizuizi. Nguo za wanawake zilivaliwa tabaka juu ya tabaka, na mchoraji mara nyingi anaonyesha ncha za mikono ya nguo zikichomoza chini ya chiki huku mwenyewe haonekani. Usizipite hizo kama mapambo, kwani ndizo watu.

Hatua ya nane: Sasa njoo kwenye uso

Macho ni mstari mwembamba, pua ni kikulabu kidogo, mdomo ni nukta nyekundu. Hivyo ndivyo wanavyochorwa watu wote wa daraja la juu, wanaume kwa wanawake, ilhali watumishi na watu wa chini hupewa nyuso zenye alama zaidi. Kufanana huku kulikuwa adabu, na pia kulimwachia msomaji nafasi ya kumjazia mhusika uso anaoutaka.

Lakini kuza picha mara tano au sita, mara hii tu, na uangalie jicho. Utaona kwamba ule mstari si mmoja. Ni mistari mingi myembamba iliyopitishwa mmoja juu ya mwingine, na mahali fulani katika urefu wake unanenepa kidogo ili kuonyesha mboni. Mahali mboni ilipowekwa ndipo mhusika anapotazama. Rudi kwa Genji wa Kashiwagi na utafute anaangalia wapi.

Hatua ya tisa: Tenganisha rangi na majeraha ya wakati

Picha hizi zilitengenezwa kwa tabaka. Mchoraji mkuu alichora kwanza kwa wino. Wasaidizi wakafunika mchoro huo kwa rangi nzito za madini zilizochanganywa na gundi ya ngozi. Kisha mkuu akarudia mistari muhimu juu ya rangi, hasa nyuso na nywele. Kijani kilitokana na malakaiti, buluu na azuraiti, nyekundu na zinjifuri, nyeupe na madini ya risasi. Rangi nzito hupasuka na kudondoka kila gombo linapokunjwa, na ndiyo maana sehemu nyingi leo zinaonyesha karatasi tupu au mistari ya wino ya mwanzo.

Kwa kila sehemu unayoitilia shaka jiulize maswali mawili. La kwanza, weusi huu ni wino au ni fedha iliyoharibika? Fedha hugeuka nyeusi kwa miaka, na mapambo yaliyong’aa leo yanaonekana kama madoa. La pili, weupe huu ni rangi au ni karatasi iliyobaki baada ya rangi kutoka? Hapo ndipo nakala mpya nilizozitaja zinaposaidia: ziweke kando ya picha halisi na ulinganishe sehemu kwa sehemu. Utashangaa, na pengine utachukia, kuona jinsi picha hizi zilivyokuwa na rangi kali, kwa kuwa uzuri wa huzuni tunaousifu leo kwa kiasi fulani ni kazi ya vumbi na kukunjwa.

Hatua ya kumi: Jipime kwa picha moja bila msaada

Picha ya kwanza ya Azumaya, sura ya 50, inafaa kwa mtihani kwa sababu ndani yake watu wenyewe wanatazama picha. Ukifune, binti asiye na mtetezi, ametoka tu kuponyoka mikononi mwa mwanamfalme Niou, ambaye ni mume wa dada yake. Dada huyo, Nakanokimi, anamliwaza kwa kumpa picha za hadithi, huku yeye akichanwa nywele na mtumishi. Mtumishi mwingine, Ukon, anasoma maandishi kwa sauti, na Ukifune anatazama picha bila kusoma.

Fanya hatua zote kwa mpangilio: funua kutoka kulia, chora nyumba, pima mshazari, hesabu vizuizi kati ya dada hao wawili, na tazama mandhari zilizochorwa kwenye milango na mapazia ya chumba hicho. Kisha jiulize ni nani katika chumba hicho anayejua yaliyompata Ukifune na ameonyeshwaje. Zingatia pia kwamba picha hii inatufundisha jinsi magombo na vijitabu vilivyotumiwa: mmoja alisoma, mwingine akatazama, na sauti na picha vikaenda pamoja. Ukiwa na mwenzako nyumbani, fanyeni hivyo hivyo kwa tafsiri, mmoja akisoma sura kwa sauti na mwingine akiifunua picha polepole, kisha mbadilishane.

Ukitaka kuona kitu halisi

Magombo ya karne ya 12 hayaonyeshwi mwaka mzima, kwa kuwa mwanga unayadhuru; makumbusho ya Tokugawa na ya Gotoh huyatoa kwa vipindi vifupi, na asiyeangalia ratiba kabla ya kukata tikiti ya ndege atakuta nakala. Aliye Japani bila ratiba ya kumfaa anaweza kujaribu kupata noti ya yen 2,000 iliyotolewa mwaka 2000, ambayo nyuma yake ina picha ya Suzumushi pamoja na Murasaki Shikibu. Noti hiyo haionekani sana madukani, lakini bado ni halali.

Wasomaji walio Ulaya na Amerika Kaskazini wana bahati ya karibu zaidi. Makumbusho ya Sanaa ya Harvard yana albamu ya mchoraji Tosa Mitsunobu ya mwaka 1510, ambayo ndiyo ya zamani zaidi kati ya albamu za Genji zenye picha za sura zote 54. Maktaba ya Umma ya New York ina magombo ya Genji ya mwaka 1554 yaliyochorwa kwa wino bila rangi nzito, na makumbusho ya Chester Beatty mjini Dublin yana mkusanyiko mkubwa wa magombo ya Kijapani ya karne za baadaye. Ukiruhusiwa kuingia chumba cha kusomea na kuletewa gombo, vua pete na saa, nawa mikono na uikaushe vizuri, tumia kalamu ya risasi pekee, na usifungue zaidi ya upana wa mabega yako hata kama meza ni ndefu. Usilivute gombo juu ya meza. Liviringishe upande wa kulia kadiri unavyofungua kushoto, na ukihisi limegoma, mwite mhudumu badala ya kulilazimisha.

Baada ya Genji, utaratibu huu huu utakufaa kwa magombo ya Nezame, hadithi nyingine ya kasri, ya karne ya 12, yaliyoko katika makumbusho ya Yamato Bunkakan mjini Nara, na kwa magombo ya karne ya 13 ya shajara ya Murasaki Shikibu, ambayo sehemu zake ziko Gotoh na katika Makumbusho ya Fujita mjini Osaka. Hapo mistari ya nyumba imenyooka na kukazika zaidi, na watu wanaonekana wadogo ndani ya majengo. Ila usiyapeleke maswali haya kwa magombo ya wanyama ya hekalu la Kōzanji mjini Kyoto, wala kwa yale ya Shigisan, yanayosimulia miujiza ya mtawa wa mlima huo. Humo watu na wanyama wanakimbia, wanaanguka na kucheka kwa mdomo wazi, kwa hiyo anza na miili yao.